Kadi ya Watu Wawili na Mbwa

Al Khuwair, Maskati
2 Mei 2025

Kwa Khulood binti Yazan,

Amani iwe juu yako. Nnakuandikia wewe, si mume wako, na sababu ntakupa mwanzo usije ukadhani umepandishwa cheo. Mtu mwenye jambo la aibu humwambia yule ambaye rai yake haimuumizi. Umekuwa mke wa mwanangu miaka thelathini na sijapata kukosa usingizi nikijiuliza Khulood ananionaje. Basi wewe ndiye.

Daktari wa moyo kaniambia hakuna tena cha kuzibua wala kushona. Nilimuuliza kama ntaufikia mwezi wa tisa. Akaitazama kompyuta yake. Kijana mzima, kasomeshwa mpaka ng'ambo, hawezi kumtazama mzee usoni akasema la. Nikaelewa, nikamshukuru, nikamwambia Stefania, mfanyakazi wangu wa nyumbani, anitoe nje na kile kigari cha kusukuma, ambacho pia nnakidharau.

Mumeo Mutasim hajui. Alipokuja kuniaga mwezi uliopita, alisimama mlangoni na funguo mkononi akaniuliza kama abaki. Nikamwambia, "Nenda. Hapa hunifai kitu." Akaenda. Mtu wa miaka hamsini na tisa, mkurugenzi mstaafu, anaambiwa nenda, anakwenda, anapanda ndege mpaka Ujerumani kulifuata gari ambalo ndani yake mna kitanda, jiko na choo, vyote vimekaribiana hivyo hivyo nilivyovitaja.

Sasa nnataka arudi. Lakini sitomwomba. Sijamwomba mtu kitu maishani mwangu. Serikali sikuiomba cheo, ilinipa. Marehemu mama yake Mutasim sikumwomba hata chumvi, alikuwa akiiona haja yangu na kuileta. Sianzi leo kwa mtoto niliyemnunulia viatu.

Kwa hivyo nna kazi kwako. Kijitabu cha kambi za watalii za Ulaya cha mwaka jana mlikisahau kwenye sofa langu, nami nimekisoma chote, maana mgonjwa husoma hata karatasi ya ndani ya dawa. Nimeifahamu hiyo kadi ya punguzo anayoibusu. Inachukua watu wawili, gari moja, umeme na mbwa mmoja, kwa bei ya chini, mradi iwe wakati ambao watu wenyewe hawataki kusafiri. Mbwa yumo ndani ya bei. Mtu wa tatu analipa zaidi. Nimerudia mara mbili nikidhani macho yangu mabovu. Mbwa anaingia bure, baba wa mtu anatozwa, na mwanangu akatia saini.

Zamani nikienda Bandari ya Sultan Qaboos nilikuwa nikiwaona watalii wakishuka melini na kaptura zao, wanapatana bei ya ubani sokoni Mutrah mpaka muuzaji anaona haya kwa niaba yao. Nikisema alhamdulillahi, wetu hawako hivi. Kumbe nilikuwa nnamlea mmoja.

Ipoteze hiyo kadi. Itie majini, ichome, ifunge na taka. Bila punguzo Mutasim hatokaa siku mbili. Ni yule yule aliyesoma shahada nzima kwa kalamu za bure za benki. Atarudi nyumbani na kusema ni uamuzi wake, nami ntamwachia aseme.

Usimwambie kitu.

Musallam bin Loai


Ziwa Garda, Italia
4 Mei 2025

Shikamoo Baba,

Barua yako Stefania kaituma kwenye simu, nami nimeisoma kwenye chumba cha kufulia nguo nikingoja mashine. Nimelia kidogo, usijali, si kwa sababu nakupenda sana. Mtu akisikia habari kama ile hulia hata ikiwa ya jirani.

Umesema rai yangu haikuumizi. Vizuri, basi nitaitoa yote.

Kadi siipotezi. Kwanza haina faida, Mutasim ana picha yake kwenye simu na nyingine kwenye pochi, na mapokezi wanakubali yoyote. Pili, inakwenda pamoja na kadi ya utambulisho, ambayo tunaiacha mapokezi badala ya pasipoti na ina bima ndani yake. Jana mwanao amerudi nyuma na gari akaangusha uzio wa watu, na bima hiyo ndiyo italipa. Tatu, na hii ndiyo kubwa, ni wewe uliyesema hunifai kitu. Ulisema kwa kinywa chako, mchana, mimi nimekaa garini nje na dirisha limefunguliwa. Sasa unataka mimi nilifute neno lako kwa kutupa plastiki ziwani.

Alipotoka kwako hakuwasha gari. Alikaa. Nikamuuliza kuna nini, akasema jua linamuumiza macho. Tulipofika ile miteremko ya Al Amerat akaegesha pembeni, malori yanatupigia honi, akasema, "Baba hata mlinzi wa shule alikuwa akimshukuru." Hakukutaja mpaka Ujerumani.

Wewe ulikuwa mkaguzi wa shule, umesahihisha barua za watu miaka mingi. Ya kwako kwa Mutasim ina maneno matatu tu. Mutasim, rudi, tafadhali. Lile la tatu unaweza kulitafuta kwenye kamusi.

Khulood


Al Khuwair
9 Mei 2025

Khulood,

Nilijua ntajuta. Nyinyi mliokulia Bujumbura mna tabia ya kusema kila kitu mpaka mwisho wake, kama watu wanaokamua nguo. Kwetu mtu mzima anaambiwa nusu, nusu anaachiwa. Sijui kwa nini Mutasim alikwenda kuoa mbali wakati mabinti walikuwapo hapa hapa, wanaojua kunyamaza.

Haya, usiipoteze. Kijitabu kinasema mwisho wa mwezi huu wana sikukuu zao za kanisa, na kambi nyingi haziikubali kadi kwa siku hizo. Halafu Julai na Agosti haikubaliki kabisa, yaani inakataa kufanya kazi katika ile miezi tu ambayo mtu wa Maskati ana sababu ya kuikimbia nyumba yake kwa joto. Hakuna ushahidi mkubwa kuliko huu kwamba haikutengenezwa kwa ajili yetu. Kwa hivyo nnangoja. Siku kadi itakapokataliwa, bahili atarudi.

Jana kanipigia simu. Aliniuliza hali, nikasema njema. Akanieleza, bila kuulizwa, namna anavyolichomoa lile sanduku la choo chini ya gari na kulipeleka kwa mkono mpaka mahali pa kulimwaga, na kwamba foleni yake ina adabu na watu huko wanajuana. Mwanangu kawa na marafiki wa foleni ya kumwaga choo. Nilitaka kumuuliza kama na mkurugenzi wa Kidachi anapanga foleni, nikaogopa atasema ndiyo.

Mtu mwenye nyumba ya vyumba sita, imefungwa, Stefania ndiye anayekwenda Al Amerat kila Alkhamisi kumwagia mitende yenu, anakwenda kulipa ili alale kwenye nyasi za watu na taulo begani. Huu si umasikini wala si utajiri. Sijui niuite nini.

Miguu yangu imevimba, viatu havinikubali. Watu wa Qurayyat wameniletea nguru na sikuruhusiwa hata mchuzi wake, kwa sababu ya chumvi. Stefania kala mbele yangu, akanieleza ladha yake kwa ukarimu.

Usimwambie.

Musallam


Ziwa Garda
13 Mei 2025

Baba,

Nimekaa siku nne nisijibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Sasa nimebaki na dharau tu, na dharau unaijua, tutaelewana.

Nikueleze mambo mawili kuhusu huyu mwanao unayemcheka, maana naona kwenye simu mnazungumzia choo.

La kwanza. Kila alasiri anapika kahawa kwenye ile dele ya mama yake, anaweka hiliki, anachukua vikombe na sahani ya tende, anapita gari kwa gari. Hakuna aliyemwomba. Ndivyo alivyoona kwenu, jirani mpya hupelekewa kitu. Mzee mmoja wa Kidachi alikunywa, akasifu, akamtilia sarafu mbili kwenye sahani. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Mutasim akazitoa, akamwekea magotini, akamwambia, "Kwetu ukinilipa inabidi nikuletee na chakula cha usiku." Yule mzee alidhani ni bei, akauliza chakula gani. Walikula kwetu, yeye na mkewe, wali wa nazi, na mpaka leo anatulindia mahali penye kivuli.

Wewe ungesema amekuwa muuza kahawa. Najua ungesema, kwa hiyo nimesema mimi, umebaki na nafasi ya kusema jingine.

La pili. Alipoomba hizo kadi, fomu iliuliza jina lake na jina la ukoo. Kila Mzungu anajaza ukoo. Mwanao akajaza lako, kama anavyoitwa mtu kwetu, fulani wa fulani. Kadi zimekuja zimeandikwa Mutasim Musallam, na pasipoti ina jina la kabila. Kambi ya kwanza tuliyoingia binti wa mapokezi aliona majina hayalingani, akatushika nusu saa, akamuuliza huyu Musallam ni nani. Akasema, "Ni baba yangu. Yuko nyumbani, hajambo." Wakacheka, wakatuachia. Kubadilisha kadi ni bure, nimemwambia mara kumi. Hataki. Basi kila tunapofika wanamwita Bwana Musallam, naye anaitika.

Nimefikiria sana hilo punguzo lako unalolidharau. Kadi ile imebuniwa ili mtu asione haya. Huombi, unaionyesha, unapewa. Tatizo lako wewe ni kwamba huna kadi, Baba. Hakuna aliyekutengenezea. Itabidi utumie mdomo kama sisi wengine.

Khulood


Al Khuwair
24 Mei 2025

Khulood,

Nimekaa hospitali siku kadhaa. Stefania atakuwa kakueleza, maana nnajua mnaandikiana, nyinyi wawili mmekuwa mkoa mmoja. Nilizinduka nikakuta muuguzi ananiita "babu" na kunisemesha kama mtoto wa chekechea. Nikamwambia nilichomwambia. Wamenirudisha nyumbani, nadhani kwa furaha yao.

Safari hii ntasema moja kwa moja, kama mtu wa Bujumbura.

Mutasim nimemdharau tangu mdogo, na nilichokidharau ni kuomba kwake. Alikuwa akiomba kila kitu bila haya. Anaomba kwa jirani embe bichi, anaomba kwa mwalimu arudiwe somo, anamwomba dereva ampakie mbele. Akinyimwa anacheka, anakwenda kwa mwingine. Nikimwona nilisema huyu hana kiburi, hatokuwa mtu. Na nilimfundisha kiburi kwa fimbo na kwa kunyamaza, hakikuingia. Alipoanza hizi kambi zenu na kadi zake nilisema, angalia, kapata mpaka leseni ya kuomba.

Ukweli ni kwamba nilimwonea wivu. Mimi nikinyimwa sikuwahi kucheka. Kwa hivyo nikapanga maisha yangu yote nisinyimwe, na njia ya kutonyimwa ni kutoomba. Nikapewa vingi. Lakini kila nilichopewa ni kile ambacho mwengine alikiwaza yeye. Nilichokitaka mimi hakuna aliyekijua, maana sikukisema.

Siku ile mlangoni alishika funguo. Neno "baki" lilikuwa hapa, nnakuapia. Nikaziangalia zile funguo, nikafikiri, nikisema baki, naye kabla ya kujibu akazitazama, hata kwa nukta moja, mimi ntaliona lile jicho, na ntakufa nalo. Nikasema lile jingine. Lilikuwa tayari, limezoea kutoka.

Huo ndio ukweli. Nimekupa wewe kwa sababu nilizozitaja mwanzo, ila sababu ile moja nnairudisha. Rai yako ilianza kuniumiza tangu barua ya kahawa. Usijivune.

Musallam


Ziwa Garda
25 Mei 2025

Baba,

Sijivuni. Nimeisoma mara tatu.

Lakini umeniandikia mimi. Mimi si mwanao, na sikushika funguo. Umefanya kama mtu anayetubu kwa jirani wa yule aliyemkosea. Nusu ukurasa unatosha, na jina la juu liwe la Mutasim. Stefania anasema unalala umekaa sasa, na pumzi inakatika ukienda msalani. Usingoje sikukuu za Wazungu zikusaidie. Bahili akikataliwa punguzo hulipa bei kamili akanuna, hilo hukulisoma kwenye kijitabu.

Khulood


Al Khuwair
29 Mei 2025

Mutasim,

Nimeichana barua hii mara nne. Ya kwanza ilikuwa nzuri mno, ya pili ilikuwa na aya ya Qur'ani niliyoiweka ili nijifiche nyuma yake.

Wewe ni bahili, unanenepa, na unavaa kofia ya jua mithili ya mvuvi wa Kijapani, Stefania kanionesha picha. Mtu wa cheo chako hapiti kwenye magari ya watu na sahani. Hayo yote nnayasema na nnaendelea kuyaamini.

Nnakufa. Si kwa mfano. Daktari kasema, na moyo wenyewe unasema kila nikiinuka.

Nilikwambia hunifai kitu. Nilisema uongo, nikausema kwa sababu nilikuwa naogopa. Sikuamrishi urudi. Kuamrisha nnaweza, nimeamrisha maisha yangu yote na wewe ungetii, na ningekufa nisijue kama ulitaka kuja. Nnakuomba. Rudi ukae na mimi. Ukisema huwezi, sema, ntalisikia.

Tafadhali.

Baba yako


Nyuma ya uwanja wa ndege, Munich
30 Mei 2025

Baba,

Hatujaliona Ziwa Garda. Khulood aliandika Ziwa Garda kwa sababu nilimwambia aandike. Ulimwomba anidanganye mimi, akaona kukudanganya wewe ni kazi nyepesi. Ile barua yako ya kwanza alinisomea siku hiyo hiyo kwenye chumba cha kufulia, nguo zinazunguka, na siku ya pili nililigeuza gari. Tangu hapo tuko kwenye kambi moja tu, nyuma ya uwanja wa ndege wa Munich, ndege zinapita juu ya kitanda. Uzio niliouangusha ni wa hapa. Mzee wa Kidachi ni wa hapa, yeye anangoja mwanawe anayerudi kutoka Kanada, mimi nikamwambia nangoja baba yangu. Akauliza anafika lini. Nikasema hajaamua.

Ulisema kiburi hakikuingia. Kiliingia, Baba. Nilikuwa sina pa kukitumia. Nikamwambia Khulood, safari hii simwendei mtu aliyenifukuza, mpaka aniite kwa mdomo wake. Akanambia mimi ni punguani mtoto wa punguani, na kwamba yeye hakuolewa ili awe posta ya majogoo wawili. Ulipolazwa nilikata tiketi, nikafika mpaka kwenye mlango wa kupandia ndege. Pale ndipo Stefania akaandika umezinduka na umemtukana muuguzi. Watu wakapanda, mimi nikarudi kambini kwa basi. Sijivunii hilo. Ningekukosa, ningelibeba peke yangu, na nilijua hivyo nikiwa kwenye basi.

Tangu jana kadi haikubaliki, kama ulivyosema. Nalipa bei kamili kulala chini ya ndege, na nimenuna.

Umeniuliza kama naweza. Nilipoisoma barua yako funguo za gari zilikuwa mezani. Nilizitazama, nisikufiche. Nilizitazama nikizitafuta nimpe Khulood, ili alipeleke gari mahali pa kulihifadhi na aje baadaye.

Natoka kesho asubuhi. Usinijibu. Ukijibu utasahihisha kitu, tutagombana, na mimi nitakuwa angani.

Mutasim


Al Khuwair
2 Juni 2025

Khulood, binti yangu,

Kaja. Mnene kuliko kwenye picha. Hakusalimia vizuri, alinishika mkono akauweka usoni kwake na kuuacha hapo, mbele ya Stefania, mpaka nikachoka mkono. Kisha akauliza kama kuna chakula.

Tumegombana mara mbili tayari. Mara ya kwanza juu ya mito, yeye anataka mitatu. Mara ya pili kaniuliza nataka nini. Nikasema sitaki kitu, kwa mazoea. Akavuta kiti, akakaa, akasema, "Basi nangoja, nimezoea." Nikakasirika. Baadaye nikasema nataka nguru. Daktari kakataza, nikasema nnajua, lakini ndicho ninachokitaka. Akacheka kule kucheka kwake, akapiga simu Qurayyat, na leo nimekula kipande cha kiasi cha dole gumba. Sijui kama nimekosea. Kilikuwa na chumvi.

Wewe umenidanganya mwezi mzima, na kwa mwandiko mzuri. Ningekuwa bado mkaguzi ningekupandisha daraja. Nimekusema vibaya kwa watu kwa miaka thelathini, Khulood. Waliokwisha kufa siwezi kuwafuata. Waliobaki wakija kuniona ntawaambia mmoja mmoja. Nisamehe. Unaona, sasa haninyamazishi mtu.

Malizana na hilo gari, lifunge, uje. Njoo upesi. Hilo pia ni ombi.

Saa hizi adhuhuri imepita na nyumba iko kimya. Mutasim katandika mkeka sakafuni karibu na kitanda changu na kalala, mdomo wazi, anakoroma kama bomba la maji. Nilimwomba asiniache mpaka mwisho. Hakujibu, alikuwa kalala. Nikamwomba tena, kwa sauti kidogo, na hakusikia tena.

Nnangoja aamke nimwombe mara ya tatu.

Musallam